Giza la sekunde kumi

Mama aliyeongoza onyesho alitaka kwangu, mtu wa taa, kitu kimoja tu: giza. Sekunde kumi za giza kamili, mtu asione hata vidole vyake, kisha msichana wa miaka kumi na miwili atokee upande wa kushoto akiwa na taa ya mafuta mkononi. Lilikuwa onyesho la kwaya na wachezaji kuhusu usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipopasuka na mbingu ya Goma, mashariki mwa Kongo, ikawa nyekundu, watu wakabeba watoto bila kujua kama njia salama ni ya Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, au ya Sake, upande wa magharibi. Wengi ambao wangeketi kwenye viti vile waliutembea usiku ule kwa miguu yao. Kwa hiyo giza lile halikuwa pambo. Ndilo lililobeba onyesho zima.

Alhamisi jioni, kwenye mazoezi, nikateremsha taa zote hadi sifuri. Giza likaingia. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Kwenye nne, taa mbili za upande wa kulia zikamulika buluu mara moja, kama mtu amepiga picha. Kwenye saba, tena, safari hii upande wa kushoto. Kwenye nane lire moja, taa yenye shingo inayozunguka, ikageuza shingo yake ikatazama dari, ikarudi.

“Yaya, nitoke ama bado?” msichana akauliza kutoka gizani. (“Yaya” kwetu ni kumwita mtu aliyekuzidi umri.)

Nitaeleza kisa hiki chote, pamoja na makosa yetu, kwa sababu vifaa tulivyotumia ndivyo vinavyotumika katika kumbi nyingi za Goma na Bukavu. Na kwa sababu ya jambo moja lililotokea Ijumaa usiku ambalo bado linaninyima usingizi.

Ukumbi uko katikati ya mji, pale lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipopita ikielekea ziwani. Umejengwa juu ya lava ile ile. Ukitoka kwa mlango wa nyuma unakanyaga mwamba mweusi. Tulikuwa na taa za LED za aina ya PAR kumi na mbili, kila moja ikitumia chaneli 7, yaani namba saba za kuiendesha, kwa hiyo zilichukua anwani, au nafasi, 1 hadi 84. Lire nne zilitumia chaneli 16 kila moja, kuanzia 101. Mwisho dima moja ya kizamani, kifaa cha kupandisha na kushusha mwanga, ya chaneli 4, kwenye anwani 201, ikiendesha taa nne za halojeni. Konsoli, meza ya kuendeshea taa, ilikaa nyuma ya ukumbi karibu na watu wa sauti, na kutoka pale kebo moja ya mita 40 ilikwenda jukwaani.

Lugha ambayo konsoli na taa huzungumza inaitwa DMX512. Iliandikwa Marekani mwaka 1986 na USITT, taasisi ya mafundi wa teknolojia ya tamthilia, ikafanyiwa marekebisho 1990, na tangu 2004 ni kiwango rasmi cha ANSI kinachoitwa E1.11. Kabla yake kila kampuni ilikuwa na njia yake, na mara nyingi kila dima ilihitaji waya wake kutoka konsoli, wenye volti 0 hadi 10. DMX ilileta waya mmoja wa data kwa chaneli 512, na kila chaneli ni namba kati ya 0 na 255. Konsoli huanza na chaneli ya kwanza, ikasema namba yake, ya pili, ya tatu, hadi mwisho, halafu inarudia. Orodha nzima ya chaneli 512 inachukua kama milisekunde 23, yaani inasomwa takribani mara 44 kwa sekunde.

Sasa, jambo la kushika: DMX haijibiwi. Konsoli inasema, taa zinasikia au hazisikii, na hakuna taa inayorudisha neno kusema “nimepokea vibaya”. Wala taa haina namna ya kujua kwamba namba iliyosikia siyo iliyotumwa. Ikitumwa 0 na kelele ya umeme ikaigeuza kuwa 128, taa itawaka kwa 128 hadi orodha inayofuata ifike. (Kwa sababu hiyo hiyo kiwango chenyewe kinaonya DMX isitumike kuendesha vitu vya hatari kama fataki. Mama alikuwa ameomba chemchemi mbili za cheche zifungwe kwenye dima. Nilikataa, na baada ya Alhamisi ile hakuuliza tena.) Tangu 2006 kuna nyongeza inayoitwa RDM inayowezesha taa kujibu kupitia waya huo huo, lakini taa tulizokuwa nazo haziijui.

Usiku ule kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mtu wa sauti alisema ni taa zenyewe, za bei rahisi. Mimi nilishuku anwani mbili zimegongana, nikazikagua zote kumi na saba kwa tochi, zilikuwa sawa. Mpwa wa Mama alidhani ni simu za watu, tukazizima zote, na taa zikaendelea kumulika. Nikabadilisha konsoli kwa kompyuta yenye kifaa kidogo cha USB. Hali ile ile.

Kisha nikadanganywa na dima. Taa zake nne za halojeni zilikuwa zimetulia kabisa, giza tupu, wakati LED zilikuwa zinapiga cheche, yaani kumulika ghafla. Nikasema basi: dima iko mwisho wa njia, ikiwa inapata data safi huku mwisho, kebo ni nzima na ubaya uko ndani ya taa za LED. Nilipoteza saa mbili nikifuata wazo hilo. Ukweli ni kwamba waya wa ndani ya halojeni huchukua muda kupata moto. Ukiupa umeme kwa milisekunde 23 halafu ukauzima, mara nyingi hauwahi hata kuwa mwekundu. LED huwaka papo hapo. Dima ilikuwa inasikia upuuzi ule ule; taa zake zilikuwa nzito mno kuuonyesha. Nadhani hii ndiyo sababu mafundi wazee husema zamani DMX haikuwa na matatizo. Yalikuwepo, ila halojeni iliyameza.

Karibu na usiku wa manane nikaacha kukisia, nikafuata waya kwa mkono kutoka konsoli hadi mwisho. Mambo mawili yakajitokeza. Katikati ya jukwaa kebo ilikuwa imegawanywa mara mbili, mkono wa kushoto na wa kulia, kwa kiungo cha Y kilichofungwa kwa gundi nyeusi. Na hakukuwa na bushoni popote.

DMX inataka njia moja: kutoka konsoli hadi taa ya kwanza, kutoka ya kwanza hadi ya pili, hadi ya mwisho, na pale mwisho iwekwe rezista ya ohm 120 kati ya pini 2 na pini 3 za plagi. Hiyo rezista ndani ya plagi ndiyo bushoni. Data hukimbia kwenye waya kama wimbi, na wimbi likifika mwisho mtupu hurudi, kama lile la ziwani linavyogonga ukuta wa bandari na kurudi kukutana na lingine linalokuja. Bushoni hulimeza. Kiungo cha Y hutengeneza miisho miwili na kurudisha mawimbi mawili.

Asubuhi ya Ijumaa nilikwenda mtaa wa Birere kwa fundi wa redio nikapata rezista yenye mistari ya kahawia, nyekundu, kahawia. Kijana anayenisaidia akakaa ukingoni mwa jukwaa na chuma cha kulehemu, plagi ya kiume ya XLR, ile ya pini tatu, ameishika kwa magoti, akapinda miguu ya rezista, moja kwenye pini 2, nyingine kwenye pini 3, akapuliza moshi wa kulehemu, akafunga. Dakika tano. Tukaondoa Y, tukapanga taa zote kwenye mstari mmoja, vifaa 17, chini ya 32 ambavyo njia moja inaruhusu, tukachomeka bushoni kwenye dima. Nikazima taa zote, nikaketi na saa mkononi. Nusu saa ya giza bila cheche hata moja. Tulifurahi, tukaenda kula.

Saa moja jioni umeme wa mji ukadhoofika kama kawaida ya saa hiyo, jukwaa likahamishiwa kwenye jenereta. Cheche zikarudi, na sasa zilikuwa mbaya kuliko za jana. Lire zote nne zilikuwa zinatikisa kichwa.

Basi nikajua ni umeme, lakini sikujua kwa njia gani. Nilikuwa nimesimama chini ya kile chuma cha kutundikia taa nikiangalia juu, kijana akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi:

“Lakini yaya, hii chuma iko nauma.”

“Tangu lini?”

“Tangu jana. Nikivaa babushi haiume sana.”

Tangu jana. Alikuwa amepanda ngazi na kushuka siku mbili, akifunga taa kwa mikono yake, na hakusema, kwa sababu katika kazi yetu chuma kinachouma kidogo kimekuwa jambo la kawaida. Wachezaji walikuwa wanapita hapo bila viatu.

Nikachomoa kebo ya DMX upande wa jukwaa, nikaweka multimita, kipimo cha umeme, kati ya pini 1 ya kebo iliyotoka konsoli na bati la taa ya kwanza. Ilisoma volti 86.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Kila taa ya LED ina ndani yake kichujio chenye vikapasita vidogo vinavyopitisha umeme kidogo sana kutoka nyaya za umeme kwenda kwenye bati lake. Kwa taa moja ni sehemu ya miliampea, na kama bati limeunganishwa na waya wa ardhi, umeme huo unaondoka bila mtu kujua. Yetu hayakuunganishwa. Ralonji, kebo ndefu ya kurefushia umeme iliyolisha jukwaa lote kutoka jenereta, ilikuwa ya waya mbili tu, fazi inayoleta umeme na nyutro inayourudisha. Vifaa kumi na saba vilikuwa vinakusanya mvujo wao kwenye chuma kimoja na hakukuwa na pa kuutoa. Konsoli, kule nyuma, ilikuwa bado kwenye soketi ya ukumbi, kwenye umeme wa mji. Vyanzo viwili, visivyojuana.

Chipu za kupokea DMX zinafuata kanuni ya RS-485: zinalinganisha waya mbili za data, na zinavumilia tofauti kati ya mtumaji na mpokeaji kuanzia volti 7 chini ya sifuri hadi volti 12 juu yake. Pini 1 ndiyo inayopaswa kuwafanya wote wawili wakubaliane sifuri iko wapi. Nikapima kebo yetu ya mita 40, pini kwa pini. Pini 2 nzima, pini 3 nzima. Pini 1 imekatika ndani ya plagi.

Kebo hiyo ilikuwa ya maikrofoni, tuliazimwa na watu wa sauti. Kiwango cha DMX kinataka plagi ya pini 5, lakini taa nyingi za bei nafuu hutengenezwa na pini 3, sawasawa na plagi ya maikrofoni, na hapo ndipo kebo za sauti zinapoingia kwenye kazi isiyo yao. Mtu wa sauti aliapa kwamba kebo ile ni nzima, na kwake ilikuwa nzima kweli: maikrofoni ya kawaida ya kuimbia hutoa sauti hata pini 1 ikikatika, pengine na mngurumo kidogo. Wala mchana hatukuona kitu, kwa sababu konsoli na taa zilikuwa kwenye umeme mmoja, na sifuri yao ilikuwa moja bila kuhitaji pini 1.

Nilikuwa na kebo nzima ndani ya gari. Nikaiweka. Jenereta inanguruma, nikazima taa zote, giza likatulia kama maji. Nikapima chuma: volti 2. Kijana akagusa kwa mgongo wa mkono. Hakiumi tena.

“Imepona,” Mama akasema. “Tuendelee.”

Hapo ndipo nilipoogopa. Tulikuwa hatujaondoa mvujo. Tulikuwa tumeupa njia: kwenye baadhi ya taa hizi pini 1 imeungwa moja kwa moja na bati, kwa hiyo mvujo wa jukwaa zima ulikuwa sasa unapita kwenye ngozi ya kebo ya data, mita 40 katikati ya viti vya watu, hadi kwenye konsoli iliyo chini ya mikono yangu. Waya mwembamba wa nywele ndio uliokuwa ardhi yetu. Siku fazi ingegusa bati ndani ya taa moja, waya huo ungeweza kuungua kwa kufumba na kufumbua, na chuma kingeweza kubaki na volti 220 juu ya watoto wasio na viatu. Na hakuna ambaye angeonywa, kwa kuwa cheche, ile kero iliyotusumbua siku mbili, zilikuwa zimenyamaza.

Nikamwambia: “Mama, leo hatuendelei.” Alinyamaza muda mrefu. Kisha akawaambia watoto wavae viatu na waende nyumbani.

Tulimwita mzee mmoja fundi wa umeme anayejua jenereta za hoteli. Alikuja saa tatu usiku, akaangalia nondo ya ardhi ya jenereta na kutikisa kichwa. Ilikuwa imeingia sentimita 40, hapo ikakutana na mwamba. “Papa huyu,” akasema akigonga lava kwa kisigino, “hanywi umeme.” Ni kweli. Udongo wa mfinyanzi wenye unyevu una ukinzani wa makumi ya ohm-mita. Basalti kavu hupanda hadi maelfu. Katika sehemu hii ya Goma unaweza kupiga nondo hadi nyundo ivunjike na bado huna ardhi ya kutegemea.

Kwa hiyo hakutegemea mwamba, alitegemea shaba. Aliunga nyutro ya jenereta na fremu yake mahali pamoja, na kutoka hapo hapo akaanzisha waya wa ardhi unaofuatana na fazi na nyutro hadi kila soketi ya jukwaani. Ralonji ya waya mbili ikatolewa, ikaingia ya waya tatu. Chuma cha kutundikia taa kikafungwa kwa waya wake wa kijani na njano. Akaweka disjonkta ya kuhisi mvujo, swichi inayokata umeme yenyewe, ya miliampea 30. Namna hii fazi ikigusa bati, umeme unarudi kwenye jenereta kwa njia ya shaba, disjonkta inauona, inakata. Mwamba uwe mkavu au uwe na maji, haijalishi. Kabla ya hapo, jenereta ikiwa haijaungwa popote, disjonkta hiyo ingekaa tu. Kazi hii si ya mtu wa taa wala wa sauti. Mimi nilishika tochi.

Nami nikavuta ralonji ya pili kutoka kwenye jenereta ile ile hadi kwenye konsoli, ili vyote vinywe kisima kimoja. Jumamosi asubuhi mwenzetu wa Bukavu akatutumia kwa boti splita yake, kisanduku kinachopokea DMX na kuitoa upya kwenye matawi kadhaa, huku kikitenganisha umeme wa kila tawi kwa mwanga: ndani yake data huvuka kama nuru kutoka kijitaa hadi kijicho, hakuna waya unaopita. Sasa tungeweza kugawa kushoto na kulia kihalali, kila tawi na bushoni yake. Splita inalinda data na konsoli. Mtu aliyeshika chuma hailindi hata kidogo, na nimesikia mafundi wakiisifia kana kwamba inalinda vyote viwili.

Nikapima kwa mara ya mwisho kabla ya milango kufunguliwa. Kati ya chuma na konsoli: volti 0.3. Mzee akabonyeza kitufe cha majaribio cha disjonkta, jukwaa lote likazimika, akaiwasha tena. Akaketi mstari wa mbele akakunja mikono.

Jumamosi usiku nyekundu ilipanda polepole nyuma ya kwaya, kama tulivyozoea kuiona ikipanda juu ya mlima, kisha nikateremsha kila kitu. Moja. Mbili. Mtu mmoja nyuma alikohoa. Tano. Sita. Kulikuwa na mama aliyevuta pumzi kwa sauti, nadhani alikuwa amerudi kwenye usiku ule. Tisa. Kumi. Msichana akatoka na taa yake ya mafuta, peke yake ndani ya giza lote lile.

Jumapili, kabla ya kufungua vifaa, tulirudisha makosa moja baada ya jingine, jukwaa likiwa tupu na waya wa ardhi ukibaki mahali pake, ili tujue lipi lilifanya nini. Kiungo cha Y bila bushoni, kila kitu kingine kikiwa sawa: cheche moja kila baada ya dakika chache. Kebo ya maikrofoni yenye pini zote nzima: saa nzima bila cheche, ingawa kwa njia ndefu zaidi nisingeiamini, maana haikutengenezwa kwa data ya biti 250,000 kwa sekunde. Kebo yenye pini 1 iliyokatika, chanzo kimoja cha umeme: hakuna kitu. Vyanzo viwili pamoja na pini 1 iliyokatika hatukurudia. Hilo tulikuwa tumeliona vya kutosha.

Ile kebo kijana aliikata plagi, akailehemu upya, akairudisha kwa watu wa sauti ikiwa na utepe mwekundu. Multimita yangu sasa inakaa kwenye begi lake. Wiki iliyopita tulifika ukumbi mwingine, Keshero, na kabla sijashusha kasha la kwanza kutoka kwenye gari nilimkuta amepiga magoti kando ya soketi ya jukwaa, ncha mbili za multimita ndani, akisoma namba.

“Yaya,” akasema, “hapa hakuna ardhi.”

Tukarudisha taa ndani ya gari hadi fundi alipokuja.